Visiwa Gani?

Nianze kwa kutenganisha. Niliyoyaona kwa macho yangu katika habari hii ni machache: uso wa mwanangu siku aliponisikia nikizungumza na dada yangu, karatasi mbili juu ya meza ya jikoni, mjini Mansfield, na uso wa dada yangu mwenyewe, ndani ya kioo cha simu, asubuhi moja huko Sugar Land. Niliyoyasikia kutoka kinywani mwa msemaji nitayaandika kama yalivyosemwa. Yaliyobaki niliambiwa, na kila nitakapofika hapo nitasema kwamba niliambiwa. Weupe wa mchanga, uzuri wa hoteli na ukarimu wa watu wa kisiwa walikokwenda wenzangu wa nyumbani vimo katika fungu hilo la mwisho.

Tabia hii haikuja na uzee. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mkalimani wa mahakama Unguja. Nilisimama baina ya shahidi na hakimu, nikilichukua neno la huyu na kulitia katika lugha ya yule, bila kulipamba wala kulipunguza. Hakimu alikuwa akimkatiza shahidi: "Hayo uliyaona, au uliambiwa?" Mimi ndiye niliyelitamka swali hilo kwa Kiswahili, na nimelitamka mara nyingi mno hata likawa langu. Marehemu mke wangu alikuwa akilalamika kwamba hata habari ya harusi ya jirani siipokei mpaka nione kadi.

Alipofariki, mwanangu wa pekee alinichukua nije kukaa naye Texas. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mwanangu anafanya kazi katika ofisi ya bima. Mkewe, mzaliwa wa Moshi, ni muuguzi. Wana binti wa miaka tisa na wavulana mapacha wa miaka minne. Watoto hao husemeshwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, kama walivyo watoto wengi wa watu wetu huku. Mapacha nimewaacha kwa sasa. Binti nilimchukua mwenyewe, na kila Jumamosi asubuhi, kwa muda wa miaka miwili, tulikaa mezani na daftari, saa moja kamili, bila Kiingereza.

Dada yangu amenizidi miaka saba. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitano, na yeye, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyenifunga vifungo vya kanzu na kunipeleka chuo cha Kurani. Bado yuko Unguja, katika nyumba ile ile, akitunzwa na binti yake. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha ondoka zamani. La kulia, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia tunduni. Daktari alimwambia kwamba hilo nalo halitamaliza mwaka. Hapa najua nilipo: daktari alimwambia yeye, naye akaniambia mimi, yaani ni ushahidi wa kusikia mara mbili. Niliupokea kwa sababu dada yangu hajapata kutia chumvi katika jambo lolote.

"Njoo kabla halijafunga," aliniambia. "Sauti yako ninayo kila wiki, imeshanichosha. Nataka uso."

Siwezi kusafiri masafa yale peke yangu. Daktari wangu alinikataza mbele ya mwanangu, kwa sababu ya moyo na magoti, na akasema niende na mtu mzima. Mtu huyo ni mmoja tu, na likizo yake ni siku kumi kwa mwaka mzima. Nilimweleza mwanangu habari ya jicho la shangazi yake mara moja tu, kwa ukamilifu, kisha sikurudia. Mtu mzima hapigiwi kengele mara mbili.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja tukaenda Sugar Land kwa rafiki yake mwanangu, mtu wa Mombasa, dereva wa lori za masafa marefu, mcheshi kuliko kawaida. Alikuwa ameoza binti yake. Tulikula, tukaketi sebuleni na wanaume wengine, na mwenyeji akamuuliza mwanangu watafanya nini mwezi wa Disemba.

"Disemba, inshallah, tunampeleka mzee visiwani," mwanangu akasema.

Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, nikiwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake.

Kwetu, Visiwani ni mahali pamoja tu. Mtanzania yeyote, awe wa Bara au wa Unguja, akisema anakwenda Visiwani, hakuna anayemuuliza ni visiwa gani. Ni Unguja na Pemba, basi. Mwenyeji wetu, ingawa ni Mkenya, alielewa vivyo hivyo.

"Alaa! Mzee wangu, wenda zako kula urojo!" akapiga kelele. "Sasa sikiza. Ukirudi bila halua, hapa Sugar Land hupiti. Nitaliegesha lori katikati ya njia."

"Lori lako lenyewe linajua kuegeshwa?" mmoja akamtania. "Juzi umeangusha sanduku la barua la jirani."

"Hilo sanduku ndilo lililonifuata mimi!"

Watu wakacheka. Mwanangu naye alicheka. Hakumsahihisha mwenyeji juu ya urojo, wala juu ya halua. Njia nzima ya kurudi Mansfield, zaidi ya saa nne, nilikaa kiti cha mbele nikitazama malisho yanavyopita, na sikuhisi magoti.

Kesho yake asubuhi nilimpigia dada. Mwanangu alikuwa jikoni, akimimina chai, hatua nne kutoka nilipokuwa. Nilimwambia dada: "Nakuja. Disemba. Mwanangu ananileta."

 Dada akaanza kutoa amri, kama alivyokuwa akinipa nilipokuwa mtoto.

"Usiniletee sabuni. Usiniletee chokoleti, zinanata. Jilete wewe. Godoro la sufi nitalitoa juani, na chumba cha uani kitapakwa chokaa. Unakuja na wajukuu?"

"Wote."

"Wanajua kusema?"

"Mmoja anajua. Wawili nitawafasiria mimi."

"Haya. Kazi yako hiyo."

Niligeuka kumtazama mwanangu. Alikuwa ameacha kumimina. Birika lilikuwa mkononi, limeinama, na hakuna kilichotoka. Aliangalia kikombe, akasema kwa sauti ya chini: "Msalimie shangazi." Nililiona hilo na nikalifasiri vibaya. Nilidhani ni huruma ya mtu anayekumbuka nyumba aliyolelewa.

Wiki hiyo aliniomba pasipoti yangu ili akate tiketi. Nilimpa. Nami nikabadilisha masomo ya Jumamosi. Niliacha habari za wanyama na rangi, nikamwandikia mjukuu wangu sentensi tatu atakazomwambia bibi yake siku ya kwanza: "Shikamoo, bibi. Mimi ni mjukuu wa mdogo wako. Nimekuja unione." Ile ya tatu ilimsumbua. Alikuwa akisema "nimekuja kukuona," na mimi nikimrudisha.

"Babu, ni kitu kimoja," alisema.

"Si kimoja. Katika ile yako, anayeona ni wewe. Katika hii, anayeona ni yeye. Rudia."

Alirudia, Jumamosi tatu mfululizo, mpaka ikakaa.

Jumamosi ya nne, kabla sijafungua daftari, aliniuliza, tena kwa Kiswahili safi: "Babu, Karibiani ni neno la Kiswahili? Ni kama karibu?"

"Hapana. Ni jina la visiwa vya upande wa pili wa dunia kutoka kwetu Unguja. Umelisikia wapi?"

"Ndiko tunakokwenda."

"Nani kasema?"

"Mama. Kuna bwawa lina ngazi za kuteleza. Lakini mimi nitasema karibu tu, kwa sababu nalijua."

Maneno ya mtoto hayatoshi kumhukumu mtu, nikamwambia aandike sentensi zake mara tano, nami nikaenda jikoni kutafuta ushahidi. Haukuwa umefichwa. Ulikuwa mezani, chini ya bakuli la matunda.

Karatasi ya kwanza ilikuwa uthibitisho wa hoteli ya mapumziko, ufukweni, katika kisiwa ambacho sina haja ya kukitaja. Wageni sita, na jina langu likiwa la mwisho. Chini yake palikuwa na mstari wa kujazwa, ili hoteli ijue namna ya kuwahudumia: lugha zinazozungumzwa na wageni. Aliyeujaza alikuwa mwanangu. Nikiutafsiri kwa uaminifu, ulisema hivi: Kiingereza tu, wote sita.

Karatasi ya pili ilikuwa imeandikwa kwa kalamu. Mwandiko wa mwanangu naujua; nilimfundisha mimi. Ilikuwa orodha ya visiwa, na mbele ya kila kisiwa lugha ya wenyeji wake. Kimoja, Kihispania, kimekatwa mstari. Kingine, Kihispania tena, kimekatwa. Kifaransa, kimekatwa. Kiholanzi, kimekatwa na alama ya kuuliza pembeni. Cha mwisho, Kiingereza, kimezungushiwa duara mara mbili. Na juu kabisa, cha kwanza katika orodha, kwa mwandiko ule ule: Zanzibar, Kiswahili. Kimekatwa mstari mmoja, ulionyooka, kama uliopigwa kwa rula.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikarudi mezani kumalizia somo, kwa kuwa saa ilikuwa haijatimia.

Mchana, watoto walipokuwa uani, niliwaita mwanangu na mkewe jikoni. Niliziweka karatasi mbili mbele yao.

"Visiwa gani?" nikauliza.

Mkewe ndiye aliyejibu kwanza. Namheshimu kwa hilo. "Baba, tulitaka kukuambia kwa utaratibu. Watoto hawajawahi kupumzika. Unguja ni siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Na wakifika, hawana lugha. Watakaa ukumbini kwa shangazi kama mabubu, wakitazamana na watu."

"Mimi ni mkalimani."

"Baba, watoto hawataki mkalimani. Wanataka kucheza."

Hilo lilikuwa kweli, na nakiri hivyo. Nikamgeukia mwanangu. "Sugar Land ulisema visiwani."

"Nilisema visiwani, ndiyo. Sikusema Unguja. Humu ndani watoto kutwa wanaimba visiwa, visiwa, kwa Kiingereza chao. Limenitoka tu."

Nilimwamini, kwa sababu kazi ilinifundisha kuitambua hali hiyo. Alikuwa amesema Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Neno lilikuwa letu, lakini kilichokuwa kichwani mwake hakikuwa chetu. Mdomo hauna herufi kubwa, na mimi ndiye niliyeitia. Mimi niliyewauliza mashahidi wa watu, miaka yote ile, ni nyumba ipi, ni njia ipi, ni mwezi upi, sikumuuliza mwanangu ni visiwa gani. Kosa hilo ni langu na nalichukua.

"Sawa," nikasema. "Neno lilikutoka. Asubuhi yake nilimpigia shangazi yako. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulielewa nimeelewa nini?"

Alisogeza bakuli la matunda.

"Nauliza, ulielewa?"

"Nilielewa."

"Na baada ya hapo ukaniomba pasipoti."

"Baba, nilikuwa natafuta namna. Nilidhani ukifika kule, ukiiona bahari..."

"Sikuomba bahari. Niliomba dada yangu anione."

Mkewe aliinamisha kichwa. Nadhani habari ya simu ile hakuijua mpaka wakati huo, ingawa sikumuuliza na kwa hiyo siwezi kuiapia. Mwanangu aliivuta ile orodha kwake. "Unguja tuliiandika ya kwanza," alisema, kana kwamba hilo lingenifariji.

"Nimeona. Na aliyeikata ni nani?"

"Mimi."

"Kwa sababu ya lugha."

"Kwa sababu ya lugha."

"Ya nani?"

 Yeye mwenyewe Kiswahili chake ni cha Unguja, alizaliwa nacho na kukua nacho mpaka miaka ishirini. Mimi nacho nimekila maishani mwangu kama mshahara. Binti yake, kwa wakati ule, alikuwa uani akiwafundisha mapacha kusema shikamoo. Nilimsikia kupitia dirisha lililokuwa wazi. Na mkewe alikuwa ndiyo kwanza amenijibu kwa Kiswahili. Kati ya wale sita walioandikwa, wanne mstari ule uliwasingizia.

Nilisema jambo moja tu zaidi: kwamba yeye ndiye atakayempigia shangazi yake, mbele yangu. Alipiga pale pale. Nilisimama karibu naye, naye akaweka simu wazi ili nisikie.

"Shangazi, shikamoo. Ile safari haitawezekana. Baba hajisikii vizuri."

Dada akaguta: "Yarabi! Ana nini?"

"Ni moyo tu. Daktari amesema apumzike."

Nilikuwa mzima. Mkono wangu ulikuwa kwenye kiti, si mbali na simu, na ningeweza kuichukua. Sikuichukua. Kumwambia ukweli kungekuwa kumwambia kwamba mtoto aliyemlea mwaka mzima, nilipokuwa kazini Pemba, amemkata kwa rula. Nilinyamaza, kama mwanangu alivyonyamaza na birika lake, na sina cha kujitetea.

Disemba walikwenda bila mimi. Ndege yao ilikuwa inaondokea Houston, wakanishusha Sugar Land, mji wa jirani yake, kwa mtu wa Mombasa nimalize wiki huko. Alinipokea mlangoni na begi langu dogo.

"Mzee, mbona mapema hivyo? Halua iko wapi?"

"Visiwa vilikuwa vingine," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama mwanangu aliyekuwa ndani ya gari na injini ikiunguruma, na mzaha ukamtoka usoni. "Basi ingia, mzee wangu," alisema. "Hapa petu si kisiwa, lakini chai ipo."

Wiki nzima hakuniuliza tena. Yaliyotokea kisiwani niliambiwa. Niliambiwa kwamba bwawa lilikuwa na ngazi tatu za kuteleza. Niliambiwa kwamba wahudumu walikuwa wakisema Kiingereza na wageni, lakini wakigeukiana wao kwa wao walizungumza kitu kingine, chenye haraka na kicheko, ambacho mkwe wangu hakukishika hata neno. Na mjukuu wangu aliniambia kwamba aliwaambia wote "karibu," nao wakamjibu kwa tabasamu. Haya nayaweka hapa kama yalivyonifikia.

Wiki ile ile mpwa wangu alituma ujumbe kutoka Unguja, kwamba jicho la mama yake limefunga. Nilimjibu kwamba nimepokea habari. Sikusema nimeamini.

Walirudi jioni, wakalala Sugar Land. Asubuhi yake, baada ya chai, nilimwomba mwenyeji simu yake yenye kioo kikubwa, nikampigia mpwa wangu kwa video. Kule ilikuwa jioni na taa zimewashwa. Mwanangu alisimama nyuma ya kiti changu. Sikumwita, alikuja mwenyewe.

Picha ilipotulia, nilimwona dada yangu amekaa kitandani, katika chumba cha uani. Chokaa ilikuwa mpya. Alikuwa amejifunga kanga safi, na mikono ameilaza mapajani kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Mama, huyu mjomba, mtazame," mpwa wangu alimwambia.

"Namtazama. Amekonda," dada akasema. "Maradhi haya yamemmaliza. Unakula wewe?"

"Nakula, dada."

"Muongo. Huyo mwingine nani, nasikia pumzi?"

Mjukuu wangu alikuwa amejipenyeza chini ya mkono wangu, ngozi yake imeungua na jua la huko alikotoka. Hakuna aliyemwambia aseme. Alinyoosha mgongo kama tulivyokuwa tukifanya mezani, akasema, bila kukosa silabi moja: "Shikamoo, bibi. Mimi ni mjukuu wa mdogo wako. Nimekuja unione."

Nyuma yangu nilisikia mwanangu akivuta pumzi. Sikugeuka, kwa hiyo uso wake siwezi kuuelezea.

"Marahaba, mwanangu," dada yangu akasema. "Nakuona. Nakuona vizuri. Mzuri, umefanana na mama yetu."

Alitabasamu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Simu ilikuwa mkononi mwa binti yake, upande wake wa kulia. Yeye alikuwa amegeukia kushoto, ukutani, kwenye chokaa.